Jasho la Makaa

Mwaka ule wa vita, mafuta ya taa yalitoweka Itigi kama mtu anayekimbia kodi ya kichwa. Leo ameonekana dukani kwa Mhindi, kesho hayupo, keshokutwa watu wanaulizana ni nani aliyemwona mara ya mwisho. Serikali ilitangaza kwamba meli zinazamishwa baharini na kwamba mafuta kidogo yaliyopo ni ya askari. Wenye maduka walianza kupima kwa chupa, wakashuka wakapima kwa kikombe cha kahawa, na mwishowe walikuwa wakifunua debe na kumwacha mteja anuse ndani ili aamini kwamba hamna kitu.

Aliyeumia zaidi pale stesheni alikuwa Yustina, mke wa Urbano mhunzi wa reli. Yustina aliuza chai na viazi vitamu vya kuchemsha kando ya uzio, na treni ya kwenda Tabora ilikuwa ikifika giza linapoingia. Taa yake ilipokauka, biashara nayo ilikauka. Abiria ni kama kumbikumbi, huenda penye mwanga, na mwanga wote ulikuwa kwa Mwarabu mmoja aliyekuwa ameficha mafuta yake mapema na kutundika karabai mlangoni. Yustina aliita mpaka sauti ikamkauka. Watu walimpita wakidhani ni mtu anayeita mtoto wake.

Jioni moja abiria mmoja alisimama kweli. Akanywa vikombe viwili, akala viazi, akasifu chai, akamwekea mkononi senti kumi. Yustina aliipapasa gizani, akasikia tundu katikati kama senti kumi ilivyo, akashukuru na kumtakia safari njema. Asubuhi alifungua pindo la kanga akakuta washa ya chuma, ile pete bapa inayokaa chini ya nati. Urbano aliichukua, akaigeuzageuza, akasema ni washa ya behewa la mizigo, tena nzuri, haijaliwa na kutu. Mshahara wa Urbano ulikuwa ukienda kwao Manyoni, ambako ukame ulikuwa umemaliza mtama na mbuzi, na chai ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Yustina alikwenda jikoni, akakaa, akaitazama sufuria ya chai kana kwamba nayo imemdanganya.

Jikoni alikuwapo mama yake, Bibi Luciana. Alikuwa amekuja kutoka Unyambwa kumlea mjukuu wake Theresia, na mtoto alipoanza kutembea Bibi hakuzungumzia kuondoka, wala hakuna aliyemwuliza. Shida ilikuwa moja tu. Kwa Wanyaturu kama yeye, na kwa Wagogo kama Urbano, mama mkwe na mkwewe hawali pamoja, hawakai pamoja, wala hawatazamani usoni. Katika nyumba ya reli yenye vyumba viwili na jiko la udongo nyuma, heshima hiyo ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Urbano hakuingia uani bila kukohoa. Bibi akisikia kikohozi alijitanda kanga mpaka puani. Maneno yao yote yalipitia kwa Yustina, hata pale ambapo wote watatu walikuwa wanasikiana. Bibi angesema, "Mwambie baba Theresia kuna mawingu," na Urbano angesema, "Mwambie mama nimeyaona," na Yustina katikati yao angeendelea kumenya viazi bila kumwambia mtu chochote.


Siku chache baada ya habari ya washa, Urbano alikuwa barazani anakula ugali, naye akimsimulia mkewe mambo ya kazini ili kumchangamsha. Treni zenyewe zilikuwa zikila kuni, lakini karakana ilikuwa na makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli kwa ajili ya kufulia vyuma. Alisema makaa hayo yakitiwa motoni yakiwa mapya hutoa moshi mzito wa manjano, na koleo baridi likipita juu ya moshi huo hutoka limelowa jasho jeusi lenye mafuta. Jasho hilo likiguswa na moto linawaka. Paskali, mchochea moto wa injini, alikuwa amemwambia kwamba Wajerumani hawana visima vya mafuta kwao, na ndege zao zinaruka kwa mafuta yaliyopikwa kutoka kwenye makaa. Urbano alilisimulia hilo kama mtu anavyosimulia vituko vya nchi za mbali, akamega tonge jingine.

Nyuma ya ukuta wa jiko sauti ya Bibi Luciana ikasikika. "Yustina, mwambie baba Theresia kwamba moshi unaotoa jasho unaweza kukingwa."

Wote wawili walijua kwa nini Bibi alijua. Kabla ya kubatizwa, kule Unyambwa, Luciana alikuwa mpikaji wa moshi, ile pombe kali inayochemshwa mpaka mvuke wake ugeuke matone, na ambayo serikali ilikuwa ikifunga watu kwa ajili yake. Watu walitoka Singida mjini kwa miguu kumfuata. Siku ya ubatizo alivunja chungu chake mbele ya katekista na waumini, akaapa hatapika tena, na hakupika tena. Jambo hilo halikutajwa nyumbani. Yustina mwenyewe alilijua kwa maneno ya shangazi.

"Mama," Yustina alisema polepole, "si uliapa?"

Bibi akasema kwamba nadhiri yake ilikuwa juu ya pombe, na kwamba juu ya makaa hakuulizwa. Urbano aliweka tonge chini. Hakuwahi kutamani kumtazama mama mkwe wake kama alivyotamani wakati ule.


Urbano alimwomba fundi mkuu, Kalasinga mzee mwenye ndevu nyeupe, ampe zile chenga za makaa zinazofagiliwa na kutupwa kwa sababu zinapeperuka zikitiwa motoni. Fundi mkuu aliuliza za nini. Urbano alisema mkewe anataka kujaribu kitu jikoni, na fundi mkuu, ambaye naye alikuwa na mke, hakuuliza zaidi.

Mara ya kwanza walitumia debe. Lilipopata moto risasi iliyounga pembe zake iliyeyuka, debe likafunguka kama ua, na moshi wa manjano ukajaa uani. Mbuzi wa jirani walikata kamba. Yustina alimbeba Theresia akakimbilia relini, na Bibi Luciana alibaki mahali pake akikohoa na kusema kupitia kwa binti yake asiyekuwapo kwamba chombo ni chepesi mno.

Mara ya pili Urbano alikata kipande cha bomba nene la boila kuukuu lililokuwa limetupwa nyuma ya karakana, akaliziba upande mmoja kwa kulifua, upande wa pili akaufanyia kifuniko, na kwenye kifuniko akatoboa tundu la kupitisha bomba jembamba. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya Bibi. Ndiye aliyechanganya udongo wa kichuguu na majivu ya kuzibia viungo, kwa sababu udongo mtupu hupasuka. Ndiye aliyelipitisha bomba jembamba ndani ya hori la maji baridi, akaweka chupa mwishoni mwake, akakataza chupa isizibwe kabisa ili pumzi isiyotaka kuwa maji ipate pa kutokea.

Walitundika mkeka kwenye mti katikati ya uwanja. Upande mmoja alikaa Urbano na moto, upande wa pili Bibi na chupa, na Yustina alisimama pembeni akipokea maneno ya huku na kuyapeleka kule. Ilikuwa haifai. Bibi akisema moto umezidi, mpaka neno lifike moto ulikuwa umekwisha kuzidi zaidi. Yustina alipokwenda kumchukua mtoto aliyekuwa akilia, walibaki peke yao, na bomba likaanza kunguruma. Hapo Bibi Luciana aliuelekea mkeka na kusema kwa heshima kubwa, "Wewe mkeka, moto umezidi."

Upande wa pili sauti ya Urbano ikajibu, "Mkeka, nimeupunguza."

Yustina aliporudi aliwakuta wanazungumza na mkeka kama watu wanaozungumza na karani. Aliondoka tena, akaenda nyuma ya nyumba, akacheka mpaka machozi. Alikuwa hajacheka tangu ile senti yenye tundu.

Kilichotoka kwanza ni maji yenye harufu mbaya. Kikafuata kitu cheusi, kizito kama uji uliolala. Waliweka utambi, ukazima. Urbano alisema basi, Wajerumani wana siri nyingine. Lakini Bibi alisema hata moshi wa kwanza haunyweki na mtu mwenye akili, hurudishwa chunguni ukapikwa tena kwa moto mdogo. Wakausafisha ule mtungi wa bomba, wakamimina ile nyeusi, wakaipika tena kwa moto wa vijiti vitatu. Matone yakaja mepesi, ya rangi ya chai ya rangi. Yalijaza chupa moja ya soda na kidogo juu yake. Yustina aliyatia kwenye koroboi, akawasha.

Iliwaka. Ilitoa masizi kama treni na ilinuka kama karakana, lakini iliwaka, na mwanga wake ulikuwa wa njano, mtu angeweza kuona uso wa mwenzake na sarafu aliyoishika. Urbano alikohoa bila sababu, na nyuma ya mkeka Bibi Luciana naye akakohoa.


Wiki zilizofuata Yustina aliuza. Abiria waliona mwanga, wakaja, na wengine waliofuata mwanga walibaki kwa sababu ya maneno. Mmoja alilalamika kwamba chai inanuka injini, na Yustina akamwambia ndiyo maana inampeleka Tabora. Mwingine aliuliza kama viazi vimepikwa karakana. Asubuhi puani mwake mlikuwa na masizi, na kanga zake zote zilikuwa na harufu moja, hata Padri siku ya Jumapili aligeuza kichwa kidogo alipompa komunyo. Hakujali. Makaa yaliyobaki bombani baada ya kupikwa yalikuwa mepesi na hayana moshi, na Urbano aliyarudisha karakana. Fundi mkuu aliyajaribu, akapenda moto wake safi, akaagiza chenga zote zipelekwe kwa Urbano.

Lakini kijiji kina macho. Watu walikuwa wameona bomba linalopita kwenye maji na chupa mwishoni, na waliokuwa na umri walijua kile chombo ni cha nini. Wengine walikumbuka kwamba mama wa Yustina ametoka Unyambwa, na kwamba Unyambwa palikuwa na mwanamke fulani. Maneno yalikwenda yakazunguka yakamfikia tarishi wa jumbe, aliyeitwa Manase.

Manase hakuwa mtu mbaya. Alipenda kazi yake, alipenda kaptula yake ya kaki kuliko kazi, na alijivunia pua yake, ambayo kwa maneno yake mwenyewe ilikuwa haijawahi kusema uongo mbele ya baraza. Alifika saa nne za asubuhi na watu wawili. Urbano alikuwa kazini. Chombo kilikuwa motoni na chupa ilikuwa nusu. Manase alinusa chupa, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu mjuzi, akasema hila hiyo anaijua. Watu hutia mafuta machafu juu ili kuficha harufu ya pombe.

Yustina alifungua mdomo aeleze, lakini mama yake alimfinya mkono kwa nguvu. Bibi Luciana alikuwa ameona kwa haraka kitu ambacho binti yake hakukiona. Wakisema chombo ni cha Urbano, jina la Urbano litaandikwa, na jina likiandikwa reli itamfukuza, na nyumba ile ni ya reli. Akasimama, akajitanda kanga, akasema, "Chombo ni changu. Hawa watoto hawajui chochote."

Ilikuwa desturi ya pale kwamba mpika moshi hubeba chombo chake mwenyewe mpaka barazani, ili wengine waone. Wakasubiri lile bomba lipoe, wakamtwisha kichwani. Lilikuwa zito, na masizi yalimchuruzikia shingoni. Walimpitisha sokoni. Wanawake waliokuwa wakipima mtama walisimamisha vibaba. Mmoja alicheka, halafu akaona aibu akajifanya anapiga chafya. Mama mmoja waliyekuwa wakikaa naye benchi moja kanisani alitazama upande mwingine.

Bibi alitembea kwa shingo iliyonyooka, hatua za taratibu, kama mtu anayepeleka maji harusini. Uzito haukumuumiza sana. Kilichomuumiza ni kujua wanachosema moyoni: kwamba maji ya ubatizo yalikuwa yamekauka siku nyingi.


Baraza lilikuwa banda la matofali mabichi lenye paa la bati. Jumbe Ntandu alikaa kwenye kiti chake, mtu mzima, mnene, mwenye macho ya usingizi ambayo hayakuwa na usingizi hata kidogo. Alimsikiliza Manase mpaka mwisho, akamwuliza Bibi kama ana la kusema. Bibi alisema kilichomo chupani ni mafuta ya taa. Jumbe alisema, bila ubaya, kwamba kila aliyewahi kuletwa pale na chupa alisema ni mafuta, au dawa ya macho.

Hapo Urbano akaingia. Yustina alikuwa amekimbia mpaka karakana na mtoto mgongoni, na Urbano alikuwa amekuja vile vile alivyokuwa, aproni ya ngozi kiunoni na nyundo mkononi. Watu wawili wa Manase waliitazama nyundo wakasogea. Urbano aliishusha mlangoni, akamwamkia jumbe shikamoo, halafu akafanya kitu ambacho hajawahi kukifanya maisha yake yote ya ndoa. Alivuka banda akasimama bega kwa bega na mama mkwe wake. Wazee waliokuwa kwenye mabenchi waliguna.

"Jumbe," alisema, "chombo hiki nimekifua mimi kwa mikono yangu. Mama huyu hana kosa."

"Usimsikilize, Jumbe," Bibi alisema kutoka ndani ya kanga. "Ni changu. Yeye ni mtu wa reli, anajua nini habari za kupika?"

Urbano aligeuka, na kwa sababu alikuwa na hasira na hofu alisahau, akamtazama usoni. Akaona masizi yaliyomchuruzika shingoni. Sauti yake ikapungua. "Mama, nyamaza," alisema. "Umebeba vya kutosha leo."

Jumbe Ntandu aliwatazama kwa zamu. Alisema tangu akalie kiti kile amesikia watu wengi wakisukumiana kosa, huyu akisema la jirani, jirani akisema la mbuzi, lakini watu wanaogombea kosa kama wanaogombea urithi ndiyo kwanza anawaona. Akamwambia Urbano aeleze. Urbano alieleza yote: moshi wa manjano, koleo lenye jasho, Paskali na ndege za Wajerumani. Maelezo yalipofika kwenye ndege, banda zima lilicheka, na Urbano aliona kwamba ukweli wake ulikuwa umejiharibu wenyewe.

Akaomba waiwashe chupa waone. Manase alipinga, na alipinga kwa haki. Moshi mzuri nao huwaka, alisema, na huyu mama kwa sifa zake angepika mzuri. Njia ilikuwa moja tu, ya kuonja. Alikuwa tayari kuonja yeye mwenyewe, kama shahidi wa serikali.

Jumbe alifikiri, akakubali.

"Manase, mwanangu," Bibi Luciana alisema taratibu, "usimeze."

Manase alilichukua onyo hilo kama hofu ya mkosaji. Alinyanyua chupa, akafuta mdomo wake kwa kiganja, akapiga funda la mtu anayetaka baraza lisiwe na shaka.

Alisimama. Macho yalimtoka, yakarudi, yakajaa machozi. Kutema mate barazani ni kumdharau jumbe, na Manase alikuwa mtu wa adabu. Akaufunga mdomo, akageuka kijeshi, akatoka nje kwa hatua zilizonyooka, akipita mbele ya mabenchi yote huku mashavu yamejaa kama ya mpiga tarumbeta. Nyuma ya banda ilisikika sauti ndefu, kisha ikasikika tena. Yustina alikimbia na kata ya maji. Manase aliporudi, midomo yake ilikuwa myeusi kama iliyopakwa wanja, na alisimama pale pale alipokuwa amesimama mwanzo.

"Haya, shahidi," jumbe alisema.

"Si moshi, Jumbe."

"Ni kitu gani?"

Manase alimeza mate, akajuta. "Ni kitu cha reli," alisema.

Wazee walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Jumbe Ntandu mwenyewe alijaribu kukaza uso akashindwa, akautumia mkono wake kuuficha. Alipotulia alisema kosa la pombe hakuna, na sheria ya kukataza watu kukinga jasho la makaa yeye hajaletewa. Lakini kwa sababu mbuzi wa watu walikuwa wamekata kamba, chombo kipikiwe ng'ambo ya reli, mbali na mazizi. Akaongeza kwamba baraza nalo halina mafuta tangu mwezi uliopita, na kwamba kama ipo chupa moja ya kuuza, aambiwe.

Kisha akaagiza Manase akirudishe chombo kilikotoka, kwa kichwa chake, kwa njia ile ile ya sokoni.

Wakarudi hivyo. Mbele Bibi Luciana, mikono mitupu, nyuma yake Manase na bomba kichwani na midomo myeusi. Wanawake wa mtama walisimamisha vibaba tena, na safari hii hakuna aliyejifanya kupiga chafya. Yule mama wa kanisani alitoka kwenye genge lake akaja kumshika Bibi mkono, akatembea naye mpaka nyumbani akizungumza mambo ya mvua. Uani Manase alitua mzigo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, unisamehe." Bibi alimpa maziwa ya kulainisha koo, akamwambia pua yake ni nzuri, ila aizoeze na makaa.


Nyumbani, hata hivyo, furaha ilikuwa na kizingiti. Urbano alikuwa amesimama bega kwa bega na mama mkwe, amemtazama usoni, na amemwambia anyamaze, tena mbele ya wazee. Sababu ilikuwa njema, lakini desturi haiulizi sababu. Kwa siku kadhaa walikwepana kuliko zamani. Hata mkeka walikuwa hawausemeshi. Yustina alichoka, akaenda kwa mzee Stefano, mgeuza njia za treni pale stesheni, Mnyaturu aliyeoa Ugogo na aliyejua desturi za pande zote mbili. Mzee Stefano alisema mbuzi anafuta kosa la namna hiyo. Akasema pia kwamba mbuzi akiwa mnono kweli, wazee wanaweza kumwambia mama afungue uso wake moja kwa moja, kwa sababu watu waliokwisha kusimama pamoja kizimbani hawana cha kufichana.

Urbano alimtafuta mbuzi mnono kweli. Jumapili baada ya misa wakamchinja. Paskali alikuja, na tangu siku hiyo alipeleka sifa za Itigi kila stesheni mpaka Kigoma, akiziongezea kidogo kila kituo. Fundi mkuu alileta dengu za mkewe. Manase alikuja mapema kuliko wote, akala sana, na kila alipopewa kitu cha kunywa alikinusa kwanza, watu wakamcheka, naye akacheka.

Nyama ilipokwisha na wazee wamekwisha kusema maneno yao, Bibi Luciana alitoka jikoni na kigoda chake. Alikiweka mbele ya mkwewe, akakaa, akaishusha kanga mabegani. Urbano aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. Walitazamana kwa muda. Yeye aliona kwamba mama mkwe wake ni mdogo wa umbo kuliko sauti yake. Bibi naye aliona kwamba kijana aliyemwoa binti yake ana mvi za kwanza kando ya masikio, na kwamba hakuna aliyemwambia.

Watu walingoja baraka.

"Baba Theresia," Bibi alisema, "nimekaa nyumba ya reli tangu mjukuu wangu azaliwe, na treni sijaipanda."

Urbano alishtuka. Alisema angeweza kumwombea kibali cha ndugu wa mfanyakazi wakati wowote, tena mpaka Dodoma. Kwa nini hakusema?

"Hayo si maneno ya kumtuma mtu," Bibi alisema.

Kibali cha mpaka Dodoma kilipatikana. Kwa adabu ilipangwa kwamba ashuke Manyoni, akamsalimie mama yake Urbano, alale huko siku mbili tatu, arudi. Ndugu walitumiwa habari. Asubuhi ya safari Bibi alivaa kanga mpya, akakataa kusindikizwa ndani ya behewa, akapata nafasi dirishani kwa kumwambia kijana aliyekuwa amekaa pale kwamba upande ule una jua. Treni iliposogea, Urbano na Yustina na mtoto walipunga mikono mpaka ikachoka. Bibi hakuwaona. Alikuwa anatazama mbele, jinsi vichaka vilivyokuwa vinakimbia.

Habari nyingine waliletewa na Paskali siku iliyofuata. Manyoni ukoo mzima wa Urbano ulikuwa umepanga mstari stesheni, mama yake mbele na kibuyu cha maziwa mkononi. Treni ilisimama. Bibi Luciana aliwaamkia wote kupitia dirishani, mmoja mmoja, kwa heshima inayotakiwa. Akakipokea kibuyu, akashukuru, akakipakata vizuri magotini, akawaambia atashuka wakati wa kurudi.